Bolti Niliyoifunga kwenye Shafti

Jamani, mkinitukana leo sitajibu. Nimekosa, na kosa hili nimekaa nalo miezi mitano nikitaniana na watu kama kawaida yangu.

Mimi ni dereva wa katrekta kadogo huku Biharamulo. Shule niliishia kidato cha pili. Hisabati ilinichoka kabla mimi sijaichoka. Lakini kijijini kwetu Nyamigogo wananiita Injinia, na mimi mjinga naitika!

Msimu wa mahindi nafunga mashine ya kupukuchua nyuma ya trekta. Kuna shafti inatoka kwenye trekta kwenda kuizungusha hiyo mashine. Inazunguka mpaka macho hayaifuati! Ilikuja na kava lake la plastiki na pini yake ya kufungia. Kava lilinisumbua kila nikifunga mashine, nikalitoa. Mke wangu akalikata, kuku wakapata pa kunywea maji. Pini ilipopotea nikachomeka bolti ndefu, ncha ikabaki nje kama kidole gumba.

"Hiyo bolti itakuja kumshika mtu," mke wangu akasema.

"Itamshika nani? Labda wewe, unavyonisogelea!"

Tukacheka. Ee Mungu, tulicheka!

Basi nikaenda na mke wangu kijiji cha Nyamahanga kuwapukuchulia wakwe zangu. Baba mkwe kakaa na majirani zake, anawaambia, "Mnamwona mkwe wangu? Huyo ni fundi!" Kichwa kikavimba.

Mama mkwe akaja kufagia punje zilizoruka. Akainama karibu na shafti, pindo la kanga yake linaning'inia.

Sasa kwetu huku wewe na mama mkwe wako hamtazamani. Mkono hampeani, njiani unampisha. Nimpigie kelele? Tena nimtajie nguo iliyo mwilini mwake? Nikamtafuta mke wangu kwa macho amwambie mama yake, kumbe kaenda kuchota maji. Ningevuta gia shafti ingesimama, lakini mashine ilikuwa imejaa mahindi, ingekaba mbele ya baba mkwe na majirani zake.

Nikageuza uso kwa adabu. Adabu!

Nikasikia kanga inachanika, halafu nikamsikia yeye. Bolti ilishika pindo, yeye akaishika kanga aivute, mkono ukaenda nayo. Nilipozima nilikuwa nimechelewa.

Hospitali waliukata ule mkono wa kulia, juu ya kiwiko.

Nje ya wodi mke wangu akaniuliza, "Baba watoto, ulimwona mama akisogea pale?"

Mimi ninayejua kujibu kila kitu nikasema, "Sikumwona. Nilikuwa naangalia mahindi."

Akaniamini! Hata ile bolti alinisamehe, anasema na yeye alicheka.

Mama mkwe aliporudi nyumbani tukaenda kumpa pole. Nikapiga magoti mlangoni, nimeinamisha uso.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Halafu akamgeukia binti yake. "Mwambie mkwe anisamehe. Nimemharibia kazi mbele za watu. Kanga sikuifunga vizuri."

Nikajibu, "Usijali, mama."

Hebu fikirieni! Mkono kaupoteza yeye, anayesamehe ni mimi!

Siku hizi ndizi anamenyewa. Hata kanga anafungwa na mjukuu. Kila mgeni akija anamwambia kosa lilikuwa lake, na mimi nipo pale pale, nakunywa chai.

Wenzangu wa matrekta, zima kwanza ndipo ufunge mashine. Shafti ifunikwe, na pini iwe pini yake, siyo chuma ulichookota. Ukiona nguo inaning'inia karibu na shafti, piga kelele, awe mkweo, awe nani! Watasema huna adabu. Waache waseme.

Mke wangu husoma sana ukurasa huu. Mama watoto, ukifika hapa, ndiyo, ni mimi. Nilimwona.