Sura Tuliyoiunda Homa Bay

Mume wangu aliamini kamera, mimi niliamini mikono. Katika miaka ya sitini tulikuwa na studio ndogo Homa Bay, yeye akipiga, mimi nikisafisha picha katika chumba cha giza nyuma ya nyumba, na ubishi huo ndio uliokuwa chakula chetu cha kila siku. Aliponunua kamera ya Kijerumani yenye macho mawili, alilala nayo karibu kuliko alivyolala nami. "Kazi ni chombo, mama watoto," alisema. Nilimjibu, "Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na hiyo kamera yako sijaiona ikishika dawa ya kusafishia picha."

Basi tukaitwa Karungu, kwenye mazishi ya kijana mvuvi aliyezama ziwani na ambaye mwili wake haukupatikana. Waluo wana desturi yao kwa jambo kama hilo: huchuma tunda la mti wa yago, refu na zito kama mtoto mchanga, wakalifunga shuka, wakalilaza kaburini mahali pa mtu. Mimi natoka upande wa Migori, kwa Wakuria, na sikuwa nimewahi kuona. Nilijiambia nisitazame sana, lakini nilitazama. Watu walililia lile tunda kwa jina la marehemu.

Picha zilitoka safi ajabu. Uzi mmoja mmoja wa shuka ulionekana, hata pale ganda la tunda lilipochungulia. Mume wangu alitembea studio nzima kifua mbele. Mama wa marehemu alipokuja kuzichukua, alizitazama polepole, akaziweka mezani.

"Mmenipigia tunda," akasema.

Mume wangu akaanza kumweleza habari za lenzi. Hakumsikiliza, akanigeukia mimi. Dholuo yangu siku hizo ilikuwa ya sokoni tu, nikijua nyathina ni 'mwanangu' na machache mengine, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili.

"Nyathina, mtoto yangu hakupigwa picha hata siku moja. Sasa uso yake inanitoroka. Macho nakumbuka, mdomo nimesahau. Ikipotea yote, nitakuwa nimezika nini?"

Hakulia. Afadhali angelia. Nilimwambia aje na watoto wake waliobaki.

Akaja nao, kijana na binti. Alituonyesha kwa kidole kama anayechagua samaki: macho ni ya binti, mdomo ni wa mdogo wake wa kiume, paji la uso ni lake yeye mama. Mume wangu akawapiga wote watatu kwa mkao mmoja na mwanga mmoja. Kilichobaki kilikuwa changu.

Hatukuwa na umeme. Nilitumia jua lililoingia kwa tundu la ukutani, nikilipitisha kwenye filamu zao, moja baada ya nyingine, hadi kwenye karatasi moja, na muda niliupima kwa wimbo wa kanisani: ubeti kwa kijana, nusu ubeti kwa binti, kiitikio kwa mama, huku kiganja changu kikiziba nisichokitaka. Niliharibu karatasi nyingi. Mmoja alitoka na macho manne, mwingine hana kidevu. Niliwacheka, nikijitia ujasiri.

Halafu mchana mmoja, nikiitikisa karatasi ndani ya dawa chini ya taa ya mafuta yenye kioo chekundu, uso ukapanda. Macho yalitangulia, likafuata paji, mdomo ukaja mwisho. Alikuwa kijana mzima, akinitazama kutoka chini ya maji. Hakufanana na ndugu yake, wala dada yake, wala mama. Nilimwita mume wangu kwa sauti ambayo mwenyewe sikuitambua.

Akaja, akainama, na kwa mara ya kwanza hakuitaja kamera.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni yeye," nikasema, mimi ambaye sikuwahi kumwona hai. Niliogopa, na papo hapo nilijivuna kupita kiasi.

Mama alipoiona alipiga ukelele, akaikumbatia. "En owuon! Ni yeye mwenyewe!" Binti yake aliichungulia, akarudi nyuma hatua moja. Mume wangu akanipa mkono kama fundi kwa fundi, nami nikaona ubishi wetu umekwisha.

Mvua za masika zilikuwa zimepita mama aliporudi, safari hii peke yake. Alikuwa amekonda. Aliitoa picha kwenye leso, akaiweka mezani kifudifudi.

"Mama, kuna nini?"

"Zamani nikilala alikuwa anakuja bila uso. Giza tu, lakini nilijua ni mtoto yangu, kwa kukohoa, kwa vile anaburuta mguu. Tuliongea vizuri. Sasa anayekuja ni huyu." Akaigusa picha mgongoni. "Ananiita mama. Namwangalia, simjui."

"Na mwanao?"

"Harudi tena. Nafikiri alikuja, akakuta mtu mahali yake."

Mume wangu aliacha kufuta lenzi. Nikaunyosha mkono kuelekea picha. Nikasema jiko lina moto, nitaichoma saa hiyo hiyo, mbele ya macho yake.

Alinitazama kama anayemwonea huruma mtoto.

"Ukichoma huyu," akasema, "mimi nitabaki na nani?"

Akaichukua, akaifunga tena kwenye leso, akaenda kutafuta gari la Karungu.