Utepe wa Jarkko

Niacheni niseme, maana nimenyamaza vya kutosha. Hapa kwetu Rauma, mji mdogo wa Ufini, kunyamaza ndiyo heshima, na heshima hiyo mimi imenitokea puani.

Raili alikuwa mlinzi wa nyumba yetu ndogo ya sanaa, ile ya vyumba viwili nyuma ya kanisa la mawe. Miaka kumi na tisa alikalia kiti kile kile. Kazi yake kuwasha projekta na spika saa tano asubuhi, kuzima saa kumi na moja, na kutwa nzima kuwaambia watu wasiguse. Mimi nilikaa mlangoni na tiketi, kahawa na maandazi ya iliki. Sanaa yenyewe, mh, nyingine sikuielewa hata kwa dawa. Kuna mwaka tulionyesha video ya mwanamume anakula theluji saa nzima.

"Na huyu naye unampenda?" nilimuuliza Raili.

"Kaarina, wewe huna subira. Ngoja dakika ya arobaini, anaanza kulia."

"Hata mimi ningelia, kwa meno haya!"

Akacheka mpaka akajifuta macho. Alikuwa mtu wa kucheka, Raili, ingawa dunia haikumpa sababu nyingi. Mume aliondoka mapema. Mwana alikuwa mmoja tu, Jarkko, akafa kwa ajali ya gari kwenye barabara ya kwenda mji wa Pori akiwa na miaka ishirini na sita. Sauti yake ilibaki mahali pamoja tu, kwenye kaseti ya ile mashine ya zamani ya kupokea ujumbe wa simu: "Mama, ni mimi. Nimechelewa. Wewe kula tu, usinisubiri. Ila uniachie ngozi ya samaki, usimpe paka." Basi, hayo tu. Raili aliisikiliza mara moja kwa mwaka, siku ya kuzaliwa kwake Jarkko, kwa kuogopa utepe usichakae. Hakuthubutu hata kumpa mtu ainakili.

Ndipo akaja Linnea, msanii kijana kutoka Helsinki, binti mwenye adabu zake. Alitafuta kaseti yenye sauti ya marehemu yeyote kwa ajili ya maonyesho, na Raili, aliyekuwa hajawahi kumwomba msanii yeyote kitu, akanyoosha mkono, akaomba ichukuliwe ya Jarkko. Macho yalimng'aa. "Nitamsikia kila siku nikiwa kazini, Kaarina. Kila siku!"

Fomu alitia sahihi bila kuisoma, maana kwetu mtu akikuletea karatasi unaamini karatasi. Mimi niliisoma nilipokuwa naiweka kwenye faili. Ilisema wazi: utazungushwa utepe wenyewe, si nakala, mpaka sauti ifutike. Nikajiambia, huyu ni mtu mzima, amekubali, labda ndivyo anavyotaka kumuaga mwanawe. Kuingilia jambo la mwenzio kwetu ni aibu kuliko wizi. Nikafunga faili.

Linnea aliutandaza utepe ukazunguka chumba kizima, ukipita juu ya vigurudumu na misumari ya chuma. Ukutani hakutaka maelezo hata mstari mmoja, watu wagundue wenyewe. Siku za kwanza Raili alikaa pale kama bi harusi. Jarkko alisema naye mara mia kwa siku.

Wiki ya tatu alinijia mlangoni na kikombe chake.

"Shoga, masikio yangu yanakufa."

"Yanakufa vipi?"

"Jarkko namsikia kwa mbali. Uzee huu. Nimeomba miadi kwa daktari, wamenipa baada ya wiki tatu."

Ningesema pale pale! Kulikuwa bado na kitu cha kuokoa. Lakini nilidhani ni namna yake ya kulisema jambo bila kulisema, maana mimi mwenyewe nilisikia sauti ikififia, na nani asiyesikia? Nikamwongezea kahawa. Mungu anisamehe, nikamwongezea kahawa.

Wiki tatu hizo alisogeza kiti kila siku, karibu zaidi na spika, mpaka sikio likawa linaigusa. Utepe hakuugusa. Kazi ya mtu haiguswi, na aliyetufundisha sote hivyo ni yeye.

Siku ya daktari alirudi saa saba, koti halijafunguliwa.

"Masikio yangu ni mazima," akasema. "Daktari anasema ninasikia kama msichana." Akanitazama. "Kaarina, kuna nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, na fomu nikamtolea. Aliisoma amesimama, kidole kikifuata mstari. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nilimpigia simu Linnea, akaja kwa basi jioni ile ile, akalia kuliko sisi. "Mama Raili, nilidhani unajua! Nitauzima sasa hivi, tutanakili kilichobaki."

"Utanakili nini, mwanangu?" Ndani ya spika mlikuwa na mvumo tu, kama mvua kwenye bati. "Acha uzunguke. Watu wameshalipa tiketi."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi huyu aliendelea kuja kazini saa tano, kuwasha, kukaa. Gazeti la Helsinki lilisifu, likaeleza ni sauti ya nani iliyofutika. Watu walikuja kwa mabasi, wakafumba macho kuusikiliza ule mvumo, wengine wakatoka na leso.

Siku ya mwisho kijana mmoja wa kike alimwinamia kitini. "Samahani, mama. Zamani sauti hii ilikuwa inasema nini?"

Raili akamwambia maneno yote, hakuruka hata moja, mpaka paka.

"Na sauti yake ilikuwaje?"

"Ilikuwa nzito," akasema Raili. "Hapana. Si nzito sana. Ilikuwa..." Akajaribu kuitoa mwenyewe, ikatoka sauti yake tu ya kizee. Akanigeukia mimi mlangoni.

"Kaarina, ilikuwaje? Wewe ulikuwepo. Ilikuwaje?"

Nilikuwepo, ndiyo. Wiki nzima ya kwanza Jarkko alisema nyuma ya mgongo wangu waziwazi, mara mia kwa siku, nami nilikuwa namimina kahawa.