Katoni Kichwani, Imondo Mdomoni

Naona aibu hata kuanza, lakini kwa vile mmeshanikalisha na chai mmeshamimina, basi sikieni: mimi, mwalimu wa hesabu, binti wa watu wenye heshima zao hapa Kawangware, niliwahi kuzunguka kwenye ploti ya watu mchana peupe nikiwa na katoni ya sabuni kichwani, nikala kitu ambacho hadi leo kuna wazee wa Kiluhya wakiniona wanacheka mpaka wanakohoa.

Ilikuwa miaka ya themanini, wakati ambapo wengi mtaani hawajawahi kuiona kompyuta. Mimi nilikuwa nayo, ile ndogo ya kuchomeka kwenye televisheni (mzungu niliyekuwa nikiwafundisha watoto wake alihama akaniachia), ila televisheni ndiyo sikuwa nayo. Aliyekuwa nayo ni Baba Rasoa, seremala kutoka Kakamega, mpangaji katika ploti ya jirani yetu, na kila Jumamosi alituachia sebule yake, watoto wamebanana sakafuni, wengine wametembea kutoka Kibera, tunatengeneza michezo. Nasema kutengeneza, si kucheza tu! Walikuwa wameandika wenyewe mchezo waliouita Mlafi: kijitu kinatembea kwenye skrini, kinakula ndizi, pointi zinapanda. Ulipokubali mara ya kwanza walipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani amekufa.

Basi Baba Rasoa akachoka. "Mwalimu," akaniambia, "mimi naona watoto wanacheza tu. Jumamosi ijayo nionyeshe hiyo masomo iko wapi. Nisipoiona, TV inapumzika." Wiki hiyo sikulala vizuri, maana bila televisheni yake darasa lilikuwa limekwisha, na sikuwa na furaha nyingine iliyoifikia ile.

Jumamosi ikafika. Wazazi wameketi uani, kaka mkubwa wa Baba Rasoa amewasili kutoka nyumbani, Mama Rasoa amemchinjia kuku, harufu imejaa ploti nzima, mimi nachomeka waya, nakohoa kidogo kusafisha koo, na stima ikapotea.

Mtu mwenye akili angesema tungoje. Baba Rasoa mwenyewe aliinuka akaingia ndani kula na mgeni wake, akisema nimwite ikirudi. Mimi nikasema, "Hakuna shida! Mlafi ni mimi!" Nikaokota katoni ya sabuni nikaivaa mpaka mabegani, bila hata kutoboa tundu moja, eti mashine haina macho. Rasoa, binti yake wa miaka kumi, akaandika programu ubaoni na wenzake wakaisoma kwa sauti: "Nenda hatua moja. Ukigonga kitu, geuka kushoto. Ukigusa chakula, kula. Rudi juu uanze tena." Nami kutoka ndani ya katoni nikawatangazia wazazi kwamba kompyuta hufanya kilichoandikwa tu, haiongezi, haipunguzi (kwa madaha sana, nakumbuka).

Nikaanza. Nikagonga ukuta, kushoto. Nikagusa ndizi waliyoniwekea juu ya stuli, nikaipitisha chini ya katoni, nikala. "Pointi kumi!" Makofi! Nikamsikia mama mmoja akimweleza mwenzake, "Ona, akigonga hapo ataenda left," na kweli nikaenda, na wote wakashangilia, na jamani, nilifurahi hadi kichwa kikavimba humo humo kwenye katoni. Nikagonga kamba ya nguo, kushoto, petikoti ya mtu ikabaki begani kwangu. Nikagonga karai, kushoto. Nikajikwaa kwenye kizingiti, na harufu ya kuku ikanijia kwa nguvu.

"Ticha, simama! Ticha, simama!" watoto wakapiga mayowe. Nikadhani wananijaribu. Neno simama lilikuwa ubaoni? Halikuwa! "Mlafi hajui simama!" nikajibu, ploti nzima isikie. Mkono wangu ukagusa sahani. Chakula, kula. Kilikuwa kigumu kidogo, kitamu ajabu, nikatafuna kwa bidii.

Nikangoja pointi kumi zangu, wapi! Nikaivua katoni. Mbele yangu ameketi Baba Rasoa, tonge la ugali mkononi, na kaka yake mdomo wazi. Mama Rasoa ameshika kichwa. "Uwiii! Mwalimu amekula imondo!"

Sasa, imondo ni firigisi, na kwetu Wakikuyu firigisi ni nyama tu. Kumbe kwao Waluhya ni ya mwenye nyumba peke yake, na mwanamke hata kuionja haonji! Kaka mtu akauliza, "Ndugu yangu, siku hizi mwenye boma ni huyu?" Na mimi nusu iko mdomoni bado, sijui nimeze au niteme. Nikameza. Nilitamani kuirudia katoni.

"Nani alikuambia ukule?" Baba Rasoa akauliza polepole.

"Ni sisi, Baba," Rasoa akasema mlangoni, karibu kulia. "Tuliandika akigusa chakula akule."

"Na hamkuandika imondo ni yangu?"

"Hatukuandika."

"Sasa mashine ingejuaje?" Akaniangalia, petikoti begani, akaangalia ubao kule uani, kisha akatoka na tonge lake mkononi. "Andika hapo, kabla ya hiyo ya kula. Kama ni imondo, usiguse, peleka kwa mwenye nyumba. Na uweke simama! Ama mnataka imalize kuku yote?"

Kaka yake ndiye aliyeanza kucheka, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kujizuia. Jumamosi iliyofuata Baba Rasoa alikaa mbele kabisa ya televisheni yake, Mlafi akaipita imondo bila kuigusa, na mzee akaruka juu akishangilia kuliko watoto. Darasa letu lilikaa pale miaka.

Katoni sivai tena, naapa, hata mvua inyeshe ya mawe. Na kila nikialikwa kwa Baba Rasoa, huniwekea bawa la kuku mwenyewe, kwa mkono wake, akiniambia, "Hiyo ni yako, Mwalimu. Pointi kumi."