Hitaji Alilotuachia Bila Maelezo

Mume wangu aliandika maneno, mimi nikayageuza kuwa hesabu, yaani modeli ya kompyuta inayokagua kama maagizo ya mtambo yanapatana. Ndivyo tulivyofanya kazi, hapa Bungoma, katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu karibu na msikiti. Chama cha wakulima cha Kitale kilitaka mfumo wa kuendesha mtambo mpya wa kukaushia mahindi. Yeye ndiye aliyekuwa akienda huko, kisha anarudi na mahitaji: mtambo ufanye nini, na wakati gani.

Mwanzoni tuligombana. Aliandika jinsi alivyoongea. "Feni iangaliwe vizuri."

"Baba watoto," nikamwambia, "modeli haijui vizuri ni nini."

Akacheka, lakini akabadilika. Akaanza kutenganisha yale ambayo mtambo unapima, kama joto na unyevu, na yale unayoamrisha: moto, feni, mkanda wa kubebea mahindi. Kisha akaeleza kipi kikibadilika, kipi kifuate. Kila sentensi jambo moja. Baada ya hapo kazi yangu ikawa kama kuchambua mchele uliokwisha kupepetwa.

Presha ilimwangusha asubuhi akitafuta viatu. Hatukufika naye hospitali akiwa hai. Tulimzika siku hiyo hiyo, kabla ya magharibi.

Nikakaa eda. Wageni walipopungua nilirudi kwenye kompyuta, maana mle bado alikuwa akiongea nami. Nilichukua hitaji moja moja, polepole, nikiogopa kuyamaliza.

Siku moja modeli ikakataa. Mahitaji mawili yaligongana. Moja lilisema feni isizimwe mpaka chumba cha moto kipoe. La pili lilisema mlango wa mtambo ukifunguliwa, kila kitu kizimwe papo hapo. Sasa mlango ukifunguliwa moto ukiwaka, feni ifanye nini?

"Kila kitu ulimaanisha nini?" niliuliza kwa sauti, nimegeukia kiti chake.

Dada yangu alitoka jikoni mbio. Alifunga kompyuta, akanikumbatia, tukalia mpaka ugali ukaungua.

Eda ilipoisha nilienda Kitale. Mama anayesimamia mtambo alinishika mikono miwili.

"Pole, mama. Pole sana."

Nikamuuliza kama mume wangu aliwahi kumwelezea habari ya mlango na feni. Akafikiri.

"Hapana. Hiyo alisema atakuja tena tuongee. Si alikuwa arudi ile wiki alifariki?"

Kwa hiyo hapakuwa na jibu la kutafuta. Nilisimama mbele ya mtambo, nikaona feni imekaa nyuma ya wavu, haiwezi kumgusa mtu. Nikaligawa hitaji lake: mlango ukifunguliwa, moto na mkanda vizimwe papo hapo, feni iendelee mpaka chumba kipoe. Modeli ikakubali. Sikufurahi. Ilikuwa mara ya kwanza kufuta maneno yake na kuweka yangu bila yeye kubisha.

Wakati wa mavuno tulijaribu mtambo. Yule mama akafungua mlango. Moto ukazimika, mkanda ukasimama, feni ikaendelea kuvuma. Watu wakapiga makofi. Nikajificha nyuma ya magunia, nimeziba uso kwa mtandio, na yule mama akanifuata.

"Wewe lia tu, mama," akaniambia. "Hapa kelele ni mingi, hakuna mtu atasikia."