Harufu Kwenye Gauni la Watu

Wateja walimwita Sindano kwa sababu ya wembamba wake, na pia kwa sababu alikuwa akipita katikati ya watu bila kusikika. Alikuwa fundi cherehani. Kwa miaka mingi alishona magauni ya harusi, na yeye mwenyewe hakuwahi kuvaa hata moja. Aliolewa saa ya chakula cha mchana: mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, alitoka kazini na ovaroli lake, wakaenda ofisini, wakatia saini, kila mtu akarudi kwenye kazi yake. Walikubaliana sherehe ingefuata mambo yakitulia. Mambo hayakutulia. Watoto walizaliwa, wakakua, wakaenda zao, na habari ya sherehe ikafa kimyakimya.

Chumba cha kazi alikigawana na fundi mwenzake, Mama Pacha, mwanamke mnene, mcheshi, ambaye kicheko chake kilifika barabarani kabla yake. Mama Pacha alishona sare za shule na nguo za wapambe, na pembeni aliuza manukato ya bei poa. Aliyapanga kwenye kisanduku juu ya meza yake: vichupa vya waridi, vya zambarau, vingine vyenye vifuniko kama tufaha. Yote yalinukia utamu wa matunda, kama mtu kachemsha juisi na sukari mpaka ikawa nzito. Wasichana wa mtaa waliyapenda. Wanawake wazima walisema ni ya wasichana, kisha wakanunua.

Sindano naye alinunua siku moja, baada ya kuzungukazunguka kile kisanduku kama paka.

"Hiki chenye tufaha."

"Haya, shoga! Leo shemeji atapotea njia ya kwenda kazini!"

Sindano alicheka, ingawa wote wawili walijua kuwa moshi wa vyuma ulikwisha kuiua pua ya mumewe. Hakusikia hata chakula kikiungua. Basi manukato yale yalikuwa ya nani? Hakujiuliza. Alijipulizia shingoni, kwapani, kifuani, akaongeza tena shingoni, kama mtu anayemwagilia bustani.

Mchana huohuo mvua ilinyesha. Mama Pacha alikuwa ametoka kupeleka sare, na mtaa mzima umejibanza chini ya mabati. Nyuma ya pazia, mbele ya kioo kirefu, lilining'inia gauni la binti mmoja aliyekuwa anaolewa wiki ile: satini nyeupe, lesi mikononi, shanga alizozitunga Sindano mwenyewe moja moja. Bibi harusi alikuwa mwembamba kama yeye. Sindano alijiambia anataka tu kuona pindo linavyoanguka likiwa mwilini mwa mtu. Alijiambia hivyo huku ameshavua blauzi.

Gauni lilimkaa. Zipu ilipanda bila kukwama. Alisimama mbele ya kioo, akageuka upande, akageuka upande wa pili, akashika sketi kwa vidole akajizungusha taratibu, mwanamke mwenye mvi kichwani, peku. Aliona haya kidogo, lakini hakulivua. Alilivua mvua ilipoanza kukatika.

Alipolitundika ndipo akaisikia ile harufu: pichi, stroberi, peremende, imetulia makwapani na shingoni kama imelipia kodi. Aliliweka mbele ya feni. Aliligeuza bitana nje. Alipopitisha pasi ya mvuke ndiyo akaharibu kabisa. Joto liliiamsha harufu ikajaa chumba kizima. Mama Pacha aliporudi, akanusa, akamtazama, akasema tu, "Kumbe kale kachupa kana nguvu," akakaa kwenye cherehani yake.

Kesho yake bibi harusi alikuja na shangazi yake kujaribu gauni. Binti alilipandisha mpaka kifuani, akasita.

"Shangazi, mbona linanukia pipi?"

Shangazi alikuwa mtu wa kutopitwa na jambo. Alilishika gauni, akanusa shingo, akanusa kwapa la kushoto, akanusa la kulia, uso ukabadilika.

"Kuna mtu kalivaa hili." Macho yake yalizunguka chumba yakatua kwenye kile kisanduku cha manukato, kisha yakapanda kwa mwenye kisanduku. "Wewe!"

Mama Pacha alifungua mdomo. Akaufunga. Aligeuza shingo, akamtazama Sindano, akabaki anamtazama.

Sindano aliona pini zimeanguka sakafuni. Akainama, akaanza kuziokota. Aliokota moja, akaokota nyingine, akatafuta zile ambazo hazikuwepo.

Juu yake alisikia sauti ya Mama Pacha, ndogo, isiyo yake: "Mnisamehe, mama. Nilikuwa napanga vichupa vyangu, nadhani nililishika na mikono ikiwa imelowa."

"Mikono yako ina makwapa?" Shangazi alifoka. "Hata kama halikukuenea, ulilijaribu! Ungelipasua je? Magauni ya wapambe uliyoanza kuyakata, mpe huyu mwenzio ayamalizie. Wewe usiguse tena uzi wa nyumba yetu."

Walipoondoka, Mama Pacha alikunja vile vitambaa alivyokwisha kuvikata, vya rangi ya samawati, akaja akaviweka juu ya meza ya Sindano.

"Mama Pacha, mimi..."

"Nilikungoja," Mama Pacha alisema. "Nilikutazama nikakungoja. Ukaokota pini."

Akarudi kwenye cherehani yake. Na kwa mtu aliyezoea kucheka tangu asubuhi hadi jioni, kimya chake kilikuwa kizito kuliko tusi. Habari nayo ilitembea. Kufikia siku iliyofuata mtaa ulikwisha kusema kwamba yule fundi wa manukato huvaa nguo za wateja. Mama mmoja alikuja kuchukua sare ambazo hazijashonwa, akazibeba hivyohivyo na nyuzi zake. Sindano alikuwa palepale, mguu kwenye kanyagio la cherehani, anashona kitambaa cha samawati kilichokatwa na mkono wa mwenzake. Kilikatwa vizuri. Kila mshono ulipokutana sawasawa na mwenzake, mashavu yalimwaka moto.

Nyumbani alijisugua shingo kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikawasha. Kisha akamweleza mumewe yote, bila kuruka kitu. Mzee alisikiliza, kijiko mkononi.

"Sasa unaniambia mimi ili iweje? Mimi ndiye mwenye gauni?"

"Naona aibu, mwenzangu."

"Ona. Lakini ukaionee kwa wenyewe."

Asubuhi alibisha hodi nyumbani kwa bibi harusi. Sebule ilijaa wanawake wanaofunga zawadi na kukunja vitambaa vya meza. Alitaka kumwita shangazi pembeni, lakini shangazi alisema, "Sema hapahapa, sisi ni ndugu." Basi akasema hapohapo, amesimama, mkoba umekumbatiwa.

"Gauni nililivaa mimi. Si mwenzangu. Manukato yalikuwa yangu, na mwili ulikuwa wangu."

Kisha mmoja wa wanawake akaguna, mwingine akacheka puani, na kicheko kikashika sebule nzima. "Mtu mzima na mvi zake!" "Alikuwa anamngoja bwana harusi yupi?" Sindano alitazama chini. Alikuwa amejiandaa kufokewa. Kwa kuchekwa hakuwa amejiandaa.

Bibi harusi peke yake hakucheka. Alimsogelea, akauliza polepole, "Lilikukaa?"

Sindano alidhani ni kejeli. Alipoinua macho akaona binti anauliza kweli.

"Lilinikaa, mwanangu. Nisamehe."

Binti alitikisa kichwa, si kukubali wala kukataa, akarudi kwenye zawadi zake. Hilo lilimchoma Sindano kuliko kicheko.

"Na yule mwenzio," shangazi aliuliza, sasa ameshusha sauti, "alijitwika zigo lako mbele yangu, nawe ukanyamaza?"

"Nilinyamaza."

"Ama kweli." Shangazi alichukua mtandio wake. "Twende."

Walitembea mpaka kwenye chumba cha mafundi. Shangazi alimwomba Mama Pacha radhi mlangoni, kwa sauti ya kusikika na majirani, kama alivyomkaripia kwa sauti. Magauni ya wapambe yalirudi kwa Mama Pacha, na gauni la harusi nalo akapewa yeye, alitoe bitana yote na kuweka mpya. Sindano aliambiwa asiliguse, na hakuligusa. Alikaa na suruali za watu akipunguza miguu, huku mwenzake akifumua kazi yake mshono baada ya mshono.

"Na wewe, shoga," Mama Pacha alisema jioni ile, macho kwenye wembe, "hata mtaa nao! Mimi, kwa mwili huu! Gauni lile lingeniishia kiwikoni." Akacheka kidogo, kisha kicheko kikakatika njiani.

"Kwa nini hukusema tu?" Sindano aliuliza.

"Kwa sababu kila dakika nilidhani, sasa hivi atasema."

Harusi ilipita. Mama Pacha alialikwa, Sindano hakualikwa. Mtaani wakampa jina jipya, Bibi Harusi, na watu wazima waliliita kwa adabu zote, jambo lililolifanya liume zaidi. Wawili wale waliendelea kugawana chumba, pasi na chai ya saa nne. Waliongea habari za uzi na za umeme uliokatika. Lakini Mama Pacha alipotoka kupeleka nguo, sasa alilifunga pazia la kioo na kuondoka hata na gauni la mteja lililotundikwa nyuma yake, akisema analipeleka kuonyeshwa mahali, na Sindano alikuwa akiitikia, "Sawa, shoga, nenda nalo."