Siku Mama Alipompeleka Baba Yako Polisi

Ipo siku moja ambayo haijanitoka, mwanangu, na tangu uliponipigia simu jana jioni imenikaa kichwani. Ulikuwa unanong'ona mpaka nikakwambia upaze sauti, masikio yangu si ya juzi. Ukasema mtoto wako Jofrey ameficha pikipiki nyuma ya nyumba, kaifunika turubai, na mwenyewe unamfahamu mwenye nayo, yule kijana jirani yako hapo Makambako anayebeba abiria stendi. Ukaniuliza, Shangazi, hivi mzazi anaweza kweli kwenda polisi kumtaja mtoto aliyemzaa? Nikakuomba unipe hadi leo. Jibu langu limo ndani ya habari ya baba yako, habari ambayo hajawahi kukusimulia, na ilibidi kwanza nimwombe ruhusa.

Asubuhi nimemfuata kitaluni, nimemkuta anamwagilia miche. Amenisikiliza, amecheka kidogo, akasema nikueleze yote bila kuficha, kwa sababu yeye akianza ataishia katikati. Basi nakutumia kwa sauti, maana kuandika kwa vidole vyangu hivi tutakesha. Kaa chini usikilize, na hiyo chai yako iache kwanza.

Mwaka ule mimi nilikuwa darasa la saba. Baba yako Ombeni alikuwa amemaliza shule, yuko nyumbani anawasaidia wazee kulima viazi, kijana mrefu, mcheshi, na mpenda asali kupita kiasi. Juu ya kijiji chetu palikuwa na shamba la misonobari la Mama Mlowe. Mumewe aliipanda miti ile akafa kabla haijakomaa, na yule mama alikuwa anaisubiri ikue ndipo awasomeshe watoto wake. Katikati ya miti alikuwa ametundika mizinga yake ya nyuki.

Mwezi wa kumi, mvua bado hazijaja, upepo unavuma kama unavyoujua wa huku kwetu, Ombeni akaamka mapema akaenda kuiba asali katika ile mizinga. Aliwasha kienge cha majani makavu kuwatuliza nyuki, akatoa masega, kisha akakiweka kienge chini na kukizika kwa udongo kidogo. Aliona moshi umeisha, akaondoka. Mtu aliyekulia kwenye misonobari alipaswa kujua. Yale majani yake membamba yakidondoka miaka na miaka yanatengeneza godoro, na moto ukishaingia humo unatembea chini kwa chini, wewe juu huoni kitu, hadi upate upepo.

Sisi nyumbani tulikula asali. Ombeni alisema amepewa na rafiki yake wa Mdandu. Baba yetu, babu yako huyo, aliichovya kwa kipande cha kiazi akasema hajaonja asali tamu hivyo tangu aoe, na Mama akamtazama kwa jicho baya, wote tukacheka. Shingo ya Ombeni ilikuwa imevimba. Alidai ameumwa na nyigu njiani. Mama akamkalisha mlangoni penye mwanga akamtoa miiba kwa kucha, mmoja baada ya mwingine, akainyamazia. Nyigu akiuma haachi mwiba, mwanangu. Nyuki ndiye anayeuacha. Mama alijua tangu pale kwamba anadanganywa, ila alifikiri ni utundu wa asali tu, atamsema baadaye.

Adhuhuri kengele ya kanisa ikalia, na haikuwa ya ibada. Tulitoka kijiji kizima na matawi mabichi kwenda kupiga moto. Baba yako ndiye aliyetangulia kufika na ndiye aliyepigana nao kuliko wote, nywele za mbele zikamwungua, watu wakamsifu. Shamba liliteketea lote. Mama Mlowe alikaa chini barabarani, kanga kichwani, na akina mama wakakaa naye.

Kesho yake wakamkamata Sanga. Huyu alikuwa mpasua mbao kutoka Makete, kijana mwenye msumeno wake na kibanda kando ya lile shamba, anapikia nje kwenye mafiga matatu. Watu wakayanyooshea kidole yale mafiga. Hakuwa na ndugu kijijini wa kumsemea, kwa hiyo mambo yakaisha haraka. Mgambo wakampitisha mbele ya nyumba yetu amefungwa kamba mikononi, anapelekwa kwenye gari la polisi. Alipomwona Mama uani akamsalimia kama alivyomsalimia kila siku akienda kuchota maji.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu," Mama akajibu.

Kisha akaingia ndani akamwita Ombeni. Sikusikia alichomuuliza. Nilichoona ni kaka yangu akitoka jikoni uso umemshuka, akaenda kukaa nyuma ya zizi, na Mama akatoka akamwambia Baba kwamba kesho atampeleka mtoto polisi Makambako.

Baba alikasirika, na mimi simlaumu. Alisema kazi ya mzazi ni kumkingia mtoto wake kifua, polisi wana kazi yao na wazazi wana yao. Alisema Sanga atatoka tu, hawana ushahidi, na Mama Mlowe watamsaidia kimyakimya kupanda miti mingine, yatakwisha. Alisema mengi ya busara, mwanangu, ndiyo maana nakusimulia. Ukiyasikiliza maneno ya baba yetu siku ile huoni pa kuyakosoa. Mimi nilikuwa upande wake. Nilimshika Mama nguo nikalia, nikamwambia hampendi Ombeni, angempenda asingemtoa kwa watu.

Mama hakunipiga, na alikuwa mwepesi wa kupiga. Alinishika mabega akanigeuza nitazame ile njia aliyopitishwa Sanga.

"Yule aliyepita hapa ana mama yake Makete, na saa hizi anajua mwanawe yuko kazini. Unataka nimchukulie mwanawe ili nibaki na wangu?"

Nikaiachia nguo yake. Swali lile ninalo mpaka leo, na nimezeeka.

Asubuhi alifanya mambo yake bila haraka. Alimpikia Ombeni viazi na maharage, akamwambia ale ashibe. Akamvalisha koti la Baba. Akamwambia kwamba maneno atayasema yeye mwenyewe kwa kinywa chake, yeye Mama atakaa pembeni yake. Mimi nikapewa blanketi nilibebe, maana Mama alishafikiria baridi ya mahabusu. Baba alikuwa amelala, au amejifanya amelala, hakutuaga.

Kituoni askari aliuliza shida yetu ni nini. Mama akasema amemleta mwanawe, ana neno la kusema, na yule mtu wa Makete waliyemchukua hana kosa. Halafu akamwachia Ombeni. Ombeni akawa anatazama viatu vyake, muda ukapita mpaka yule askari akaanza kushughulika na watu wengine. Nilitamani tuondoke. Mama hakumsukuma, hakumsemea. Mwishowe baba yako akainua kichwa akasimulia yote, tangu asali hadi kienge, na sauti haikumtetemeka hata kidogo. Mahabusu palikuwa nyuma ya ukuta ule ule na Sanga alikuwa anasikia.

Walipomwingiza Ombeni ndani walituambia twende nyumbani. Mama akasema atasubiri yule wa Makete atoke. Tukakaa kwenye benchi la kituo, benchi gumu, halina pa kuegemea, na Mama kiuno chake kilikuwa kibovu tangu kunizaa mimi, kama alivyokuwa anapenda kunikumbusha. Tulikaa kutwa. Alasiri nikamwona Baba anaingia na baiskeli, vumbi mpaka kope, amekuja peke yake na sweta la kijani alilofuma Mama. Akampa askari lile sweta, akaomba lifike kwa mtoto, kisha akaja akakaa mwisho wa lile benchi upande wa pili wa Mama. Jua likiwa linashuka Sanga akatolewa. Akatukuta sisi watatu tumekaa, akasimama, akasalimia kwa heshima, Mama akampa chakula kilichobaki.

Sitakudanganya kwamba mambo yalikuwa laini baada ya hapo. Baba yako alikaa rumande mpaka mvua zilipoanza. Huko kijijini watu walisema Mama amemuuza mtoto wake, na palikuwa na wanawake kanisani waliohama benchi akija kukaa. Alikonda. Kila siku ya kwenda kumwona Ombeni alikwenda na chakula, na kila akirudi alijifungia jikoni, nami nilijua analia, ila akitoka anatutuma kazi kama kawaida. Hakimu, kwa kuwa kijana alikuja mwenyewe na hakupindisha maneno, alimpa kifungo cha nje, akamwamuru aipande upya miti ya Mama Mlowe na kuitunza.

Hapo ndipo habari inapoanza kuwa tamu, na mimi napenda kufika hapa. Siku ya kwanza Ombeni alipanda kule juu peke yake na jembe, kichwa chini, anaona aibu. Akamkuta Sanga ameshachimba mashimo. Baba yako akamwuliza anafanya nini pale. Sanga akamjibu kwamba alikuwa amekaa mle ndani akijua mambo yake yamekwisha, akasikia mtu upande wa pili anasema ni mimi, na sauti ile hataisahau, kwa hiyo ashike jembe wasipoteze muda. Wakapanda. Siku zilizofuata watu wakaanza kupanda mmoja mmoja, wengine walikuja kuchungulia tu wakajikuta wameshika miche. Mama Mlowe alichelewa kuja, na alikuwa na haki ya kuchelewa. Alipokuja alikuja na ulanzi wa asubuhi, ule mtamu wa mianzi usiolevya, akamjazia Ombeni kikombe cha kwanza. Baba yako alilia pale pale na kikombe mkononi. Ukitaka kumtania, mwulize kuhusu kikombe kile.

Ile miti ndiyo iliyomfundisha kazi. Alijua udongo, alijua miche, alijua kuacha njia pana ya kuzuia moto kuliko mtu yeyote kijijini, akaanzisha kitalu, na kitalu ndicho kilichokusomesha wewe. Miti ilipokomaa Mama Mlowe akamwita Sanga aipasue. Gogo moja akalitoa liwe la Mama yetu, na Sanga akamtengenezea benchi. Alilileta mwenyewe kichwani. Akaliweka barazani, akamwambia, "Mama, lile la kituoni halikuwa na pa kuegemea. Hili linapo." Mama alilikalia mpaka alipotutoka, na Baba pembeni yake, na ukisikia kitu kinalia kwenye sauti hii ni hilo hilo benchi, nimelikalia sasa hivi. Limezeeka kama mimi, tunalia pamoja.

Haya, nasaha zangu, uzichukue. Sisemi kila kosa la mtoto lipelekwe polisi. Jofrey akichukua sukari yako, au akikutukana, hiyo ni ya kwenu nyumbani, mkalishe umseme. Lakini pikipiki ile ni chakula cha nyumba ya watu, na yule kijana saa hizi anazunguka mjini kuitafuta, na kesho atatajwa mtu asiyehusika kwa sababu tu ni mgeni au hana wa kumsemea. Kosa likishaanza kumla mtoto wa mwenzio, hilo si la kufunikwa turubai. Nenda.

Ila sikiliza unavyokwenda. Usipige simu kwa siri ili gari lije limtoe kitandani, atakukumbuka hivyo maisha yake yote. Usiende kwa hasira ya kumkomoa. Zungumza naye kwanza mchana, mkiwa mmekaa, mwambie unajua na mwambie unachokwenda kufanya. Mpikie. Aisukume ile pikipiki kwa mikono yake, nawe utembee pembeni. Aseme mwenyewe, hata akikawia. Na akishaingia ndani, usiondoke ukaenda kulala ukajiona umetimiza wajibu, maana kazi yako ndipo inapoanza hapo. Watu watasema, waache waseme, huwa wanachoka. Baba yetu alikuwa sahihi kwamba mzazi anamkingia mtoto kifua. Mama alimkinga akiwa amekaa kituoni, na Baba alipoliona hilo alikuja na sweta.

Nilipomaliza kuzungumza na baba yako kule kitaluni aliingia ndani akakaa sana, nikafikiri nimemwudhi. Akatoka na mfuko. Kesho tunapanda basi la kwanza linalopita hapa likitoka Njombe, mimi na yeye, tutakuwa kwako kabla jua halijakolea. Humo mfukoni ameweka sweta la kumpelekea Jofrey. Amesema wewe utasahau, na yeye anajua kulivyo baridi mle ndani.

Mungu akutie nguvu, mwanangu. Amtulize Jofrey kinywa kisipinde, amrudishie yule kijana mali yake, na atufikishe siku ya kucheka wote barazani hapa. Kesho kituoni tutakaa watatu, nafasi ya katikati ni yako.