Ndoa Yangu na Ugomvi wa Urusi na Marekani

Nakumbuka vizuri ile Ijumaa, mwanangu, ndoa yangu ilipotaka kuvunjwa na Marekani na Urusi, nchi ambazo sijazitia mguu hadi leo.

Nilikuwa mchukuzi bandarini hapa Lindi, nimemposa Mwanaidi. Baba yake alikwishafariki, kwa hiyo walii wake alikuwa kaka yake, Salumu, rafiki yangu tangu chuoni. Salumu alikuwa na kiduka cha chumvi na viberiti, basi akajiona bepari mkubwa. Mimi nilibeba magunia ya korosho za watu na kusikiliza redio ya Warusi, nikajiona mkomunisti. Tulibishana kila siku huku tukicheka.

Siku ile hatukucheka. Tumetoka msikitini, zimebaki siku tatu nioe, nikamwambia mbele za watu kwamba duka lake lilifaa kuwa mali ya wote.

Akaniuliza taratibu, "Na mke je? Naye utamfanya mali ya wote?"

"Wewe mnyonyaji tu," nikamjibu. Ujana una maradhi yake.

"Basi dada yangu simwozi kwa mkomunisti." Akaenda zake. Na kanzu nimekwisha kushonesha.

Mwanaidi aliposikia hakulia. Alikwenda kumwita babu yao mzaa mama, Mzee Chande, aliyepigana Burma wakati wa vita vya Hitla. Mzee akatuketisha mkekani.

"Haya," akasema, "ugomvi huu wa wakubwa ulianzaje?"

Salumu akasema Warusi ndio wachokozi. Mimi nikasema Wamarekani. Mzee akauliza walichokozana vipi. Salumu akasema nianze mimi, mimi nikasema aanze yeye.

Mzee akatueleza bila haraka. Wafanyakazi wa Urusi walimwangusha mfalme wao, kisha wakomunisti wakashika nchi, wakatwaa viwanda na mashamba. Matajiri wa nchi nyingine, Marekani ikiwamo, wakaogopa wafanyakazi wao wasije wakaiga, wakapeleka askari huko. Warusi hawakusahau. Baadaye akatokea Hitla, mahasimu hao wakawa upande mmoja kumpiga.

"Sisi Burma tuliambiwa Mrusi ni mwenzetu," alisema. "Nimerudi nyumbani, hata viatu sijavichakaza, naambiwa ni adui."

Hitla alipokwisha, waligawana nchi yake, kila mmoja akaipanga sehemu yake kwa desturi za kwao, akiamini mwenzake anataka kummeza. Huyu akiunda bomu, na yule anaunda.

"Sasa, Salumu, Mmarekani amekuletea nini dukani?"

"Hajaleta kitu, babu."

"Na wewe, Mrusi amekusaidia kubeba gunia lipi?"

"Hakuna, mzee."

Nyuma ya pazia Mwanaidi akasema, "Basi waulize, babu, anayeolewa ni nani."

Salumu akaangua kicheko, nami nikamfuata, nikamwomba radhi. Jumatatu alinishika mkono akaniozesha. Kabla hajauachia akaninong'oneza, "Vyote viwe mali ya wote, ila huyu."

Siku hizi nawasikia vijiweni na kwenye simu mkitukanana kwa ajili ya wakubwa hao hao. Nakuusia, mwanangu: kuwa na msimamo, hata mimi wangu sijauacha. Lakini kabla hujauvaa ugomvi, uliza ulianzaje, na nani alimwogopa nani. Usimvunjie heshima ndugu unayekula naye kwa ajili ya mtu asiyelijua hata jina lako. Mwenyezi Mungu akupe subira ya kuuliza, ulimi wa kuomba radhi, na mke asiyeogopa kusema akiwa nyuma ya pazia. Amin.